Kinyumenyume hadi Barazani kwa Mama Mkwe

Nyie wenzangu wa jumuiya mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake. Gari la Deo limebonyea wapi? Kwa nini shemeji yangu Skola akiniona anapiga ukuta mara mbili na kucheka? Na ni kweli kwamba mimi, mzee wa umri huu, nimemwona mama mkwe uso kwa uso? Kila mmoja nilimpa kipande chake, na sasa nasikia vipande havifanani. Nimeona niandike yote mahali pamoja, maana nikisimulia kwa mdomo Skola anaingia katikati na kuongeza chumvi.

Mnajua mke wangu Felista alianguka kisimani akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini kukaa kitako kwa muda mrefu hawezi. Analala, anasimama kidogo kwa mkongojo, analala tena. Basi shemeji yangu Fidelis akapiga simu kutoka Karema: "Mama anakula vijiko viwili anaacha. Kila anayeingia anamwuliza kama ni Felista."

Felista alisikia, akageukia ukutani. Baadaye akaniambia, "Nataka anione nikiwa hai, na mimi nimwone akiwa hai. Basi. Sitaki kwenda kwenye msiba."

Kwa basi haiwezekani. Barabara ile hata mwenye nyonga nzima anashuka akijishika kiuno. Ndipo Deo, mume wa binti yetu Domina, akasema tuchukue gari-nyumba lake, lile refu jeupe analowakodishia wageni wanaokwenda kuangalia viboko mbugani. Ndani kuna jiko dogo, kabati, na kitanda kule nyuma kabisa, jirani na mlango wa nyuma. Alitoa sharti moja tu.

"Baba, kamera ya nyuma imekufa. Ukiweka rivasi skrini inaleta bluu tupu. Gari refu hili, na nyuma halina dirisha. Tengeneza kamera kwanza, ndipo uondoke."

Kashaulili

Fundi Shija ana kibanda nyuma ya soko, hapa Mpanda. Anatengeneza redio, ving'amuzi na simu, na siku hizi anafunga kamera za magari. Mikono yake ina kasi, na mdomo una kasi zaidi. Alifungua kamera ya zamani akanionyesha: maji yalikuwa yameingia, kijioo chake kimepata ukungu kama jicho lenye mtoto wa jicho. Alifuata waya mpaka kwenye taa ya rivasi, akapima, akasema umeme unafika, kilichokufa ni kamera yenyewe. Akafunga mpya juu ya mlango wa nyuma, akazungushia silikoni maji yasipenye, akaniambia niwashe na kuweka rivasi.

Picha ilikuja safi kama televisheni. Nyuma yetu kulikuwa na duka la dawa za mifugo lenye maandishi makubwa ukutani. Kwenye skrini maandishi yote yalikuwa yamegeuka, yanatoka kulia kwenda kushoto, kama gazeti lililoshikwa mbele ya kioo cha kunyolea. Shija akasimama nyuma ya gari akanipungia.

"Shija, hii kamera inageuza," nikamwita.

"Inageuza nini, mzee? Si unaniona?"

"Nakuona, lakini unanipungia kwa mkono wa kushoto."

"Wa kulia huu, mzee wangu! Mtu anampungia mzee kwa kushoto?"

"Basi ndiyo hivyo. Inageuza. Na maandishi hayasomeki."

Alikuja akachungulia dirishani, akakuna kidevu. Alisema zote alizowahi kufunga zinaonyesha hivyo hivyo na hakuna mteja aliyelalamika. Sababu hakuijua, na mimi sikuijua. "Kuna kikamba hiki cha kijani," akasema. "Kwenye boksi wamechora kwamba ukikikata picha inageuka. Mimi sijawahi kukikata. Ila nikikata nimekata."

Hapa ndipo kosa langu la kwanza, na simshirikishi mtu. Mimi nimemaliza kidato cha nne. Nimesoma somo kanisani tangu ujana. Kitu kisichosomeka kwangu ni kitu kibovu. Nikamwambia, "Kata. Picha ya kweli inasomeka."

Akakata. Maandishi yakageuka yakakaa sawa, na mimi nikasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza: "Dawa za mifugo, chanjo na chumvi ya ng'ombe." Nilifurahi kupita kiasi. Nilimshukuru Shija mpaka yeye mwenyewe akanishangaa.

Misunkumilo, kutoka uani

Tuliondoka asubuhi, mimi kwenye usukani, Felista kitandani, na Skola wa kumhudumia. Skola ni mdogo wake Felista, mjane, anakaa mtaa wa pili. Mimi na yeye ni shemeji, na utani wetu haujawahi kwenda likizo. Ananiita "mume wangu mzee". Siku ya ubatizo wa Domina alinificha viatu nikaenda kanisani na kandambili. Mwaka mwingine alinituma stesheni kumpokea mgeni, nikasubiri treni mpaka ikaja ikaondoka, na mgeni mwenyewe hakuwahi kuzaliwa. Kwa hiyo neno la Skola mimi nalichukua nusu, nusu namrudishia.

Nilikuwa nimeegesha gari pua ikitazama nyumba, ikabidi nitoke kwa rivasi. Jirani yetu ana rundo la matofali pembeni ya njia. Nikaangalia skrini, nikayaona matofali upande wa kushoto, nikavuta usukani kulia niyakwepe.

"Kushoto, shemeji!" Skola akapiga kelele, akiwa amesimama nje nyuma ya gari. "Leta kushoto!"

Kushoto ndiko nilikoyaona matofali. Nikajisemea, ameanza, hata jua halijapanda. Nikazidi kulia. Kikasikika kishindo kidogo, matofali mawili yakaanguka.

"Dada!" Skola akamwita Felista ndani ya gari. "Huyu mumeo ulimwokota wapi? Namwambia kushoto, anasikia kulia!"

Felista alicheka kitandani. Mimi nilishuka kutazama. Matofali yalikuwa kulia. Nikaangalia kushoto: palikuwa peupe, hata kuku hakuna. Nikaangalia tena kulia. Nikapanda garini.

Niwaambie ukweli, niliogopa. Baba yangu uzeeni alianza hivyo. Alikuwa anatoka nyumbani kwenda shambani anashika njia ya mtoni, na tukimfuata anatuuliza sisi ni watoto wa nani. Nilijiuliza kama zamu yangu imefika. Sikumwambia mtu. Nikaweka gia ya kwanza, na kwenda mbele gari lilinitii vizuri tu.

Kasekese

Kasekese tulisimama ili Felista apumzike na mtikisiko. Skola alinunua mihogo ya kuchoma na karanga, tukafungua mlango wa pembeni upepo uingie. Kabla sijamaliza muhogo wa kwanza, akaja mama mmoja na mtoto mgongoni, akasimama kimya karibu na mlango. Akaja mwingine. Akaja babu mwenye fimbo, akakaa chini kabisa, amenyoosha mguu mmoja.

"Karibuni," nikasema, nikidhani wanatushangaa.

"Tumeshakaribia," yule babu akajibu. "Mnaanza na watoto au wazee?"

Sikuelewa. Nikamwuliza tunaanza nini. Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Kumbe gari ni jeupe, ndani kuna kitanda, kitandani kuna mama anaugulia, na Skola alikuwa amejifunga kitambaa cheupe kichwani kwa sababu ya vumbi. Watu walijua kliniki imekuja.

Nikaanza kueleza. Skola akaniwahi. "Mimi ni msaidizi tu," akasema kwa sauti ya upole. "Daktari ni huyo mzee wa kofia. Ila hapendi kujulikana."

Nyie, sikuwahi kupata shida kama ile. Kila nilivyokana ndivyo walivyosadiki. Yule babu alivua kiatu akanipa goti nilishike. Nikasema mimi ni dereva mstaafu wa lori la mahindi. Akasema hata mwanawe ni daktari na anapenda utani kama mimi. Felista kule ndani alikuwa amefunika uso kwa khanga, tumbo linamtikisika. Mwisho nililishika lile goti, nikamwambia alikande kwa maji ya moto na asibebe mizigo. Aliridhika kabisa. Akatuma tuletewe papai.

Tulipoondoka jua lilikuwa limesogea sana. Skola alicheka mpaka akapaliwa na karanga. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni niliandika: huyu leo yuko kwenye utani wake, nisimsikilize.

Zizi la Masanja

Mbele ya Kasekese barabara ilikuwa imeliwa na mvua. Kwenye kidaraja chembamba tukakutana na lori la mahindi limeshaingia, mzigo umeinama. Dereva akatoa kichwa. "Mzee, shikamoo! Mimi nikirudi nyuma naanguka. Rudi wewe kidogo, hapo kwenye zizi pana nafasi."

Nyuma yetu kulikuwa na mji wa wafugaji wa Kisukuma, na zizi lao liligusa barabara: miti imesimamishwa, katikati imejazwa miiba. Ng'ombe walikuwa ndani. Skola akashuka kwenda nyuma kuniongoza. Nikaweka rivasi.

Skrini ikanionyesha zizi upande wa kushoto.

"Kushoto!" Skola akaita. "Shemeji, leta kushoto, zizi hilo!"

Nikatulia. Nikajisemea: leo sidanganywi na mtu wala sidanganywi na uzee wangu, nitafuata macho. Skrini iko katikati ya dashibodi, nami nilikuwa nimeiinamia. Kioo cha pembeni kilikuwa kimejaa vumbi na sikukijali; tangu nilipopata macho ya nyuma, vile vioo vya zamani nilivisahau kama marafiki wa zamani. Nikavuta usukani kulia, na safari hii nikakanyaga mafuta ili niyamalize.

Miti ilivunjika kwa mlio ambao bado nausikia. Gari likaruka juu ya gogo likatua. Kwenye skrini niliona mkia wa ng'ombe, kisha pembe, kisha ng'ombe wote wanatoka. Ndani Felista akalia. Hakikuwa kicheko. Alikuwa ameporomoka kutoka kitandani, amebanwa kati ya kitanda na kabati.

Tulimnyanyua, mimi na Skola, akiwa anauma khanga yake. Tulipomlaza nilimgeukia Skola, mbele ya dereva wa lori, mbele ya wenye mji, nikasema maneno ambayo natamani yangebaki tumboni.

"Wewe mwanamke, utani wako utamwua dada yako! Kushoto, kushoto! Hujui hata mkono wa kula?"

Kitambaa chake kilikuwa kimeng'ang'ania kwenye miiba. Akasema, "Shemeji, leo sikutania."

Kuanzia hapo hakunisemesha tena.

Mwenye zizi aliitwa Masanja. Nilimwendea nikiwa nimevua kofia, nikitegemea ugomvi. Alikuwa anawatazama wanawe wakikusanya ng'ombe. "Zizi ni miti, mzee," akasema. "Miti iko porini. Mama wa watu yumo ndani analia. Kwanza mama."

Mkewe alimletea Felista maziwa mgando kwenye kibuyu na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ya kutafuna, akamkanda kiuno kwa kitambaa cha moto. Felista alisema mfupa haujavunjika, anajua sauti ya mfupa ukivunjika. Ila maumivu yalikuwa yamerudi kama ya mwanzo. Kumgusa tu ilikuwa shida. Mimi nilishika panga nikaingia porini na Masanja kukata miti. Tulilijenga lile zizi mpaka giza likatukuta.

Wakati tunafunga kamba aliniuliza, bila ubaya, "Ulipokuwa unarudi ulikuwa unaangalia nini?"

"Skrini. Inaonyesha nyuma."

"Na yule mama aliyekuwa anapiga kelele?"

Nikavuta kamba.

Tukalala pale. Asubuhi Masanja alitusalimia "Mwangaluka" kama wageni walioalikwa. Fidelis akapiga simu: tangu jana mama hajala. Nikaenda kukaa kando ya Felista. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba labda tugeuze, na kwamba nadhani akili yangu imeanza kuondoka, sijui tena kulia ni wapi na kushoto ni wapi.

"Akili yako iliondoka zamani, tangu ulipoanza kushindana na Skola," akanijibu. "Endesha. Hata nikilia njiani, wewe endesha."

Ikola

Nilikwenda mwendo wa kinyonga. Felista alilia kweli, kila shimo, na kila shimo mimi nilisema samahani, mpaka akaniambia ninyamaze, samahani zangu zinamtikisa kuliko mashimo.

Ziwa likatokea kule chini. Ikola tulinunua migebuka ya kukaanga, ya moto, mafuta yanachuruzika. Skola alimlisha dada yake vipande vidogo. Sehemu yangu aliiweka kwenye sahani, akamkabidhi Felista. "Dada, mwambie mumeo chumvi iko kwenye karatasi."

"Amesikia," Felista akasema. "Yuko hapa."

"Sijui. Siku hizi hasikii."

Nilikula nikitazama ziwa. Yule samaki alikuwa mtamu, na sikuweza kumfurahia.

Karema

Nyumba ya mama mkwe iko upande wa misheni, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye baraza refu la juu na nguzo za miti zinazoshika paa la mbele.

Sasa wale vijana watakaosoma hapa inabidi niwaeleze. Deo anamkumbatia Felista, wanakaa kiti kimoja kutazama televisheni, mtu na mama mkwe wake. Sisi wa zamani hatukuwa hivyo. Kwetu Wakonongo mimi niliambiwa, na nikashika: mama mkwe hakutazami usoni, nawe humtazami. Mkikutana njiani unatoka nje ya njia, unampa mgongo mpaka apite. Akiingia nyumbani, wewe unatokea mlango wa nyuma. Ni heshima. Kwa miaka arobaini na kitu nilimjua mama yake Felista kwa sauti, kwa kikohozi, na kwa chakula chake. Uso sikuujua.

Fidelis alitupokea, akaingia garini kumsalimia dada yake, akatoka ameshika kichwa. Felista hashikiki. Ukimwinua anapiga ukelele. Na mama naye hawezi kushushwa barazani. Akibebwa analia kama mtoto, mifupa inamuuma yote. Walikuwa wametenganishwa na uwanja mdogo tu, mmoja ndani ya gari, mwingine ndani ya nyumba, na hakuna wa kumsogelea mwenzake.

"Kuna njia moja," Fidelis akasema. "Baraza na kitanda cha gari ni kimo kimoja. Rudisha gari mpaka mlango wa nyuma uguse baraza. Mama tutamburuta na mkeka wake taratibu mpaka ukingoni."

Nikaangalia. Gari lingepita kati ya nguzo mbili, na nafasi iliyobaki ilikuwa ya kiganja huku na kiganja huku. Nguzo zilikuwa zimezeeka. Nikigonga moja, paa linamwangukia mama. Mtu aliyeshindwa kukwepa zizi la ng'ombe!

Wakamvuta mama kutoka ndani na mkeka wake mpaka katikati ya baraza, nami nikawapa mgongo, nikapanda. Nikaweka rivasi. Skrini ikawaka, na pale katikati, kati ya nguzo mbili, alikuwa amekaa mama mdogo sana kwenye mkeka, kitenge chekundu, akilitazama gari.

Nilifumba macho kama nimechomwa. Kisha nikachanganyikiwa zaidi. Je, huko ni kumwona? Yeye yuko nyuma, mimi nimempa mgongo kama nilivyofundishwa, ila sura yake iko mbele yangu kwenye dashibodi. Wazee hawakusema lolote kuhusu kamera. Sikujua kama nimeshavunja mwiko au bado, na hapakuwa na wa kumwuliza. Nikafanya nilichoweza: nikavua kofia yangu, nikaifunika skrini yote.

Nilikuwa sina macho tena. Nikashuka macho yakiwa chini, nikamwendea Skola aliyekuwa amesimama peke yake kando ya nguzo.

"Shemeji," nikasema. "Nilikutukana mbele za watu, na hukustahili. Nisamehe. Na kama husamehi, basi si kwa ajili yangu. Niongoze kinyumenyume kwa ajili ya mama."

Aliniangalia kichwa kisichokuwa na kofia, akapita nyuma ya gari. Nikarudi kwenye usukani. Nikasikia kofi moja kwenye bodi, upande wa kulia. Pa!

Nikaelewa papo hapo. Hivyo ndivyo matingo, wasaidizi wetu wa njiani, walivyotuongoza sisi wa malori, usiku, kwenye vumbi, bila taa. Akipiga kulia, unaleta mkia kulia. Akipiga kushoto, kushoto. Mara mbili katikati, njoo. Kofi zito moja, simama. Sauti ya bodi inakuingia mgongoni, na mgongo haukosei upande. Skola aliolewa na tingo. Sijui kwa nini sikuwahi kukumbuka hilo.

Nikafuta kioo cha pembeni kwa kiganja, nikaiona nguzo. Pa, kulia. Pa-pa, njoo. Pa, kushoto kidogo. Pa-pa. Pa-pa. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye soksi. Kisha likaja kofi zito moja, na gari likagusa baraza kwa ulaini kama mtu anayeweka yai.

Fidelis akafungua mlango wa nyuma. Nikazima injini. Nilikaa hapo hapo, nikitazama mbele, mgongo wangu ukiwa kwao, kama inavyotakiwa. Nikasikia mkeka ukiburutwa.

"Nani?" sauti ya mama mkwe ikauliza.

"Mimi, mama. Felista."

Mkeka ukakwaruza tena. "Mbona umezeeka hivyo?"

Felista akacheka huku analia. "Na wewe, mama, umekuwa mdogo."

Sitaandika yote waliyosema. Mengine hayakuwa yangu kuyasikia. Waliletewa uji, na nikamsikia Skola akihesabu vijiko kwa furaha, akapita viwili, akapita vitatu. Baada ya muda mama mkwe akauliza, "Na mkwe wangu yuko wapi?"

"Yuko kule mbele," Skola akasema. "Amekupa mgongo."

"Siku zote. Mgongo wake naujua kuliko baba yake alivyoujua." Akakohoa, akacheka. "Mkwe mwenye adabu huyo. Leo hata gari lake limekuja kwa mgongo."

Waliangua kicheko wote, na mimi kule mbele nikatabasamu peke yangu kama mjinga. Kisha akauliza kijicho kile kilichoko juu ya mlango ni cha nini. Fidelis akamweleza kwamba dereva anaona nyuma kwa kupitia hicho.

"Kwa hiyo ameniona?"

"Hapana, mama," Skola akasema. "Kafunika kwa kofia. Hukumwona amekuja kichwa wazi?"

"Mwambieni afunue," mama mkwe akasema. "Heshima ameshanipa, imetosha. Asije akanizika huku hajui anamzika nani."

Nilivuta breki ya mkono, nikafungua swichi, nikaweka rivasi. Nikaishika ile kofia. Nikaiondoa.

Alikuwa ameinua uso kuitazama kamera. Nilimwona Felista. Mwanya ule ule wa meno ya mbele, na ile namna ya kukaza midomo kabla ya kucheka, ambayo nimeishi nayo maisha yangu yote bila kujua imetoka wapi. Alinipungia mkono. Na pembeni yake, upande wa kushoto wa skrini, alisimama Skola ameegemea nguzo.

Nikainua macho kwenye kioo cha pembeni, cha kulia, nilichokifuta kwa kiganja. Skola alikuwa humo pia, ameegemea nguzo ile ile.

"Skola!" nikaita. "Uko upande gani?"

"Upande wako, shemeji. Kulia." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu zizini. "Bado tu hujui mkono wa kula?"

Nikakumbuka kile kikamba cha kijani. Kamera ya nyuma imetengenezwa ionyeshe kama kioo, kulia ibaki kulia, na ndiyo maana maandishi yanageuka. Mimi nilikata ili nisome ukuta wa duka. Matofali, zizi, kilio cha Felista, tusi nililomtukana Skola, vyote ndivyo nilivyolipa ili tu niyasome maneno chumvi ya ng'ombe. Tuliporudi Mpanda nilimpelekea Shija, akaunganisha waya, maandishi yakageuka tena yasisomeke, nami sikusema neno. Deo nimemweleza mwenyewe kuhusu mbonyeo ule wa nyuma kulia. Lakini hayo ni ya baadaye. Pale Karema nilicheka tu, nikashika kichwa changu kwa mikono miwili, nikakikuta kizima.

"Ameniona?" mama mkwe akauliza.

"Amekuona, mama. Anacheka peke yake."

"Basi ashuke ale. Ugali unapoa."

Nikashuka. Miguu yangu ikaanza yenyewe kuzunguka nyumba, itafute mlango wa nyuma kama ilivyozoea.

"Baba," mama mkwe akaniita kutoka barazani. "Huku. Pita mbele."